Dakika Saba Bila Wimbo

Kama umetazama filamu za kwetu Mumbai katika miaka thelathini iliyopita, basi umenisikia mimi, ujue usijue. Yule bibi harusi aliyeshuka ngazi huku vikuku vya miguuni vikilia, ni mimi. Yule mama mkwe aliyebwaga funguo mezani kwa hasira, mimi. Nimekimbia juu ya majani makavu nikishikilia sari, nimezama mtoni ndani ya beseni, na mara mbili nimekufa kwa kuanguka kutoka ghorofani, ingawa kwa kweli lilikuwa gunia la mchele. Waigizaji wanapewa maua na kupigwa picha. Mimi napanda treni ya saa kumi na mbili jioni kurudi kwangu Dombivli. Wala sinung'uniki. Kazi hii naijua, na wa kunizidi bado hajanitokea.

Naitwa Shevanta Lonkar. Sauti inayonaswa siku ya kupiga picha mara nyingi haifai kitu, maana jenereta linanguruma, kunguru wanapiga kelele, na mwongozaji mwenyewe anafoka katikati. Kwa hiyo picha ikishakatwa huletwa kwenye chumba chetu kule Andheri, chumba kisicho na dirisha, na mimi naitazama kwenye skrini na kuitia upya kila sauti kwa mikono na miguu yangu. Nyuma ya kioo hukaa Dattu, fundi wa mitambo, mwanamume mwenye masikio makubwa na tumbo linalonguruma. Mara ngapi tumerudia kazi nzuri kwa sababu ya tumbo la Dattu, usiniulize.

Nina masanduku kumi na mawili ya bangili. Watu hudhani bangili ni bangili. Hebu funga macho nikutikisie. Hizi nyepesi za kioo cha kijani, nyingi, zenye moja ya dhahabu kila upande, ni za mke wa Kimarathi kama mimi. Hii nzito ya gamba la kome, inayogonga mara moja tu na kunyamaza, ni ya mwanamke wa Bengali. Hizi za utomvu mgumu wa miti zinazobanana hadi begani, zinazosema kwa sauti ya chini, za Rajasthan. Kwa mlio tu nitakwambia mwanamke anatoka wapi, ameolewa lini, na kama leo amegombana na mumewe. Msomi mmoja alikuja na daftari kuniuliza eti filamu zetu zinaonyeshaje utamaduni wetu. Nikamwambia azime picha, asikilize. Aliandika hilo, lakini nadhani hakunielewa.

Mimi mwenyewe sivai bangili. Mume wangu Kashinath, dereva wa treni za mjini, alifariki miaka minane iliyopita. Moyo ulimsimama akiwa anafunga kamba za viatu. Siku ile ile wanawake wa upande wao walinikalisha, wakaniwekea mikono juu ya jiwe na kuzivunja bangili zangu, maana ndivyo inavyofanywa na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Tangu hapo njiani, sokoni na kwenye treni mikono yangu ni mitupu. Lakini kila asubuhi nikiingia kazini navaa dazeni mbili za kioo, kwa sababu wake za watu kwenye skrini wanazihitaji, na jioni nazivua. Nisikufiche, saa zile nilikuwa nazipenda. Mle ndani nilikuwa nasahau.

Msimu wa mvua akaja Ketaki, mwongozaji, na filamu yake ya kwanza. Msichana wa miaka ishirini na tisa, baba yake ni mkulima wa miwa huko karibu na Sangli. Ana miwani mikubwa na ubishi mkubwa zaidi. Filamu inamhusu Rakhma, mke wa mkulima, ambaye mumewe anafariki mapema tu. Katikati kuna kipande cha dakika saba. Ni asubuhi ya siku ya kumi na nne baada ya msiba. Wageni wameondoka. Mama mkwe amelala kwenye mkeka akitazama ukuta. Rakhma anaingia jikoni, anawasha kuni, anakanda unga wa mtama, anapiga bhakri tatu, mikate yetu ya bapa, na kuzioka kwenye tawa, kikaango cha chuma. Anamwekea mama mkwe moja. Basi. Hakuna anayesema neno, na kamera iko nyuma ya Rakhma muda wote, kwa hiyo tunaona mgongo, viwiko na kivuli cha moto.

"Hapa sitaki muziki, mamdogo," Ketaki aliniambia. "Sitaki fidla wala filimbi. Nakutaka wewe peke yako."

Nilimtazama nikidhani ananitania. Kwa miaka thelathini, kila moyo unapovunjika kwenye skrini zetu, nyimbo humiminwa juu yake, na chini ya nyimbo hizo nimelala mimi na kazi yangu. Sizichukii nyimbo. Nani kati yetu anazichukia? Siku tunamchoma Kashinath mimi nilikuwa naimba kichwani wimbo wa filamu, na ndio ulionishikilia nisianguke. Lakini dakika saba zangu mwenyewe, watu wakae gizani wanisikilize mimi tu, hilo hakuna aliyewahi kunipa.

"Mwenye filamu amekubali?" nikauliza.

Ketaki akakuna kichwa. Mwenye filamu, Bwana Lunkad aliyetoa pesa, alikwisha kurekodi wimbo wa kuweka pale. Mzuri kweli kweli, wa kutoa machozi. Walikuwa wamepatana hivi: Ijumaa asubuhi atakuja kuona. Kipande kikisimama chenyewe, kibaki. Kikipwaya, wimbo unaingia na hakuna kujadiliana tena.

"Basi kitasimama," nikasema, nikajipiga kifua.

Nilileta unga wa mtama kutoka nyumbani na sinia la mbao la mama yangu. Mkate huu hausukumwi kwa mti. Unaupiga kwa kiganja, nao unazunguka wenyewe taratibu, na kadiri unavyokuwa mwembamba ndivyo sauti inavyopanda. Mtu aliyekulia kwetu, ukimpigia bhakri nyuma ya mlango, anajua imebaki mapigo mangapi. Kuna mahali, kabla ya kukanda, Rakhma anapitisha kiganja cha kulia kwenye mkono wa kushoto, toka kifundoni hadi karibu na kiwiko. Kila mke anafanya hivyo, anapandisha bangili zisiingie kwenye unga. Nikazipandisha zangu, chwaa, sawasawa na kiwiko cha kwenye skrini. Tulimaliza kwa mkupuo mmoja. Dattu alisimama nyuma ya kioo akapiga makofi, na Ketaki alinikumbatia akajaa unga.

"Dada Sheva," Dattu akasema, "hii nikiisikia naona njaa."

"Wewe hata ukisikia maiti inapita unaona njaa," nikamjibu. Nilirudi nyumbani kichwa kimenivimba.

Ijumaa saa tano tulikusanyika kwenye ukumbi mdogo wa studio. Bwana Lunkad alikaa mbele, suti yake safi, simu mbili mapajani. Ketaki alikuwa amemleta bibi yake kutoka kijijini, Bibi Anusaya, aliyempa hadithi nyingi zilizomo kwenye filamu hiyo. Bibi alikuwa na umri wa miaka tisini, mwembamba, na macho yake yalikuwa hayaoni tena kitu. Nilijiuliza atafanya nini kwenye filamu asiyoiona. Nikamsogezea kiti, akanishukuru, akaketi na kuinamisha kichwa upande mmoja.

Filamu ikaanza. Mume akafa, wanawake wakalia, siku zikapita. Kikaja kipande changu. Kuni zikashika moto. Unga ukachekechwa. Chwaa, bangili zikapanda, kisha kiganja kikaanza kupiga. Bwana Lunkad alikuwa ametulia kabisa, hata simu alikuwa amezifunika kwa mkono. Nikamfinya Dattu.

"Ketaki," Bibi Anusaya akaita kwa sauti kubwa, "mumewe karudi lini?"

"Bibi, shh. Hajarudi. Kafa."

"Nimesikia wakilia, mimi si kiziwi. Sasa nasikia bangili. Kazirudishiwa na nani?"

Fundi mmoja wa studio aliyeketi nyuma akacheka, na mwingine. Mimi nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Rakhma ni mjane wa siku kumi na nne! Bangili zake zilivunjwa dakika tano nyuma, kwenye filamu hiyo hiyo, na aliyezivunja ni mimi, kwa nyundo ndogo juu ya tofali. Tulikuwa Wamarathi watatu mle chumbani, na hakuna aliyeshtuka, kwa sababu kiwiko kilipanda na mkono wangu ukajua peke yake cha kufanya. Ketaki na Dattu ningewasamehe. Mimi, mjane wa miaka minane, niliketi pale nikamvalisha mjane mwenzangu bangili, nikaenda nyumbani nikijisifu.

Taa zikawashwa. Bwana Lunkad hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililoniuma.

"Bibi kasema yote," akasema taratibu. "Ketaki, mwanangu, ukimya ni mgumu. Kosa dogo tu, watu wanacheka. Wimbo unafunika. Watu wetu wanalia kwa wimbo, tangu babu zetu."

"Kosa ni langu, si la Ketaki," nikasema. "Nipe mpaka saa kumi, Bwana. Nitaondoa bangili."

"Na ukishaziondoa kitabaki nini?"

Nikamwambia tu, "Njoo saa kumi usikie."

Akatazama saa yake. Alikuwa na filamu nyingine ya kuona jirani. "Saa kumi," akasema. "Na bibi awepo. Yeye ndiye hakimu."

"Mimi treni yangu ni saa moja," Bibi akasema. "Kama kuna chai, nipo."

Nilivua bangili zote nikarudi kwenye sinia. Nikakanda, nikapiga mikate, nikaoka, kila pigo mahali pake. Dattu akaturudishia sauti. Tukasikiliza. Nikaona Ketaki anatafuna kucha.

"Semeni," nikasema.

"Hakuna kosa, dada," Dattu akasema. "Ila ni kama mashine ya kukandia. Mtu hayumo."

Alisema kweli. Bangili zilikuwa zimeondoka na Rakhma pia kaondoka. Nikaomba nionyeshwe picha peke yake, bila sauti, tangu mwanzo. Nikatazama ule mgongo. Kuni. Unga. Kisha kile kiwiko kikapanda.

"Simamisha! Rudisha."

Kikapanda tena. Bangili hana. Basi kiganja kilikuwa kinapandisha nini?

"Anajikuna," Dattu akasema.

"Au anafuta jasho," akasema Ketaki. "Siku ile kulikuwa na joto. Sikumwelekeza afanye hivyo, nilimwacha tu."

"Mpigie."

Mwigizaji alikuwa binti wa Satara, na alipokea akiwa garini, honi zikilia nyuma yake. Ketaki akamuuliza kuhusu ule mkono.

"Lo, hilo?" binti akasema kwenye simu. "Nilimwona mama. Baba alipofariki, mama alikuwa kila akitaka kukanda anapandisha bangili, na hazipo. Mwaka mzima hivyo. Anafika hapa kati anakumbuka, anaacha. Kwani imeharibu?"

Ketaki akanitazama. Mimi nilikuwa nimeketi sakafuni, unga mpaka kwenye nywele, na machozi yananitoka bila kuniomba ruhusa. Maana nami nilifanya hivyo. Mwaka mzima, jikoni kwangu Dombivli, kiganja kilipanda kutafuta kilichozoea kukikuta, kikakuta ngozi. Nilikuwa nimelisahau. Hapana, niseme kweli: nilikuwa nimelificha, na kila asubuhi nilikuja hapa kuvaa za watu ili nisilikumbuke.

"Dattu," nikasema, "sogeza maikrofoni. Hapa, kwenye mkono wangu. Karibu kabisa."

"Ngozi haitoi sauti, dada."

"Ya kwangu inatoa. Na tumbo lako ulikalie."

Tulifanya mara tatu. Mara ya kwanza nilipitisha kiganja haraka mno. Ya pili Dattu akasema inasikika kama kitambaa. Ya tatu nilifumba macho, sikuitazama hata skrini, nikaacha mkono uende wenyewe. Ukapanda juu ya ngozi, mkavu, kwa sababu ya unga. Ukafika kati, ukasimama. Nikasikia pumzi yangu ikisimama nayo. Kisha mkono ukashuka kwenye sinia na kuanza kukanda, na mapigo yaliyofuata hayakuwa yale ya awali. Yalikuwa mazito mwanzoni, kama ya mtu anayefanya kazi kwa sababu kuna mtu mzee ndani anayepaswa kula. Nilipofumbua macho, Dattu alikuwa amegeuka anatazama ukuta. Hakupiga makofi.

Saa kumi kamili Bwana Lunkad akarudi. Bibi Anusaya alikuwa amekwisha kunywa chai vikombe viwili na kuwakosoa wapishi wote wa Mumbai. Tulizima taa na kuanzia pale wageni wanapoondoka.

Kuni zikashika. Unga ukachekechwa. Mimi sikuitazama picha, nilimtazama bibi. Kichwa chake kilikuwa kimeinama upande uleule. Ikaja ile sauti, ngozi juu ya ngozi, kisha kimya. Nikaona mkono wa kulia wa Bibi Anusaya unainuka kutoka mapajani, unashika kifundo cha mkono wake wa kushoto, unapanda, na kuishia kati.

"Sasa kafa," akasema polepole.

Kiganja cha Rakhma kikaanza kupiga mkate. Bibi alikaa vile vile, mkono juu ya mkono, mpaka bhakri ya tatu ikaoka na mama mkwe akawekewa chakula. Bwana Lunkad hakugeuka. Niliona tu shingo yake, na kwamba alikuwa ametoa leso.

Taa zilipowaka, Bibi akauliza, "Aliyepika ni nani?"

"Mamdogo Shevanta," Ketaki akasema. "Yuko hapa nyuma yako."

"Mlete."

Nikapiga magoti mbele yake, nikamgusa miguu kwa heshima. Alininyanyua, akaushika mkono wangu, na vidole vyake vikavu vikapanda toka kifundoni hadi kiwikoni, polepole, kama anayesoma. Havikukuta kitu.

"Aa," akasema. "Miaka mingapi?"

"Minane, bibi."

"Mimi sitini na sita. Nilikuwa na ishirini na minne, na huyu baba yake Ketaki nilikuwa namnyonyesha. Walizivunja, wakanipa unga nikapike. Sikumwambia mtu habari za mkono huu. Ningeanzaje? Wangesema nazililia bangili." Akavuta pumzi. "Wewe umejuaje kuusema?"

"Sikujua, bibi. Wewe ndiye uliyenigombeza."

Akacheka, meno matatu tu yakaonekana. Kisha akaacha kucheka na kuugeuza uso wake kule alikosikia kiti cha Bwana Lunkad kikilia.

"Wewe tajiri! Upo?"

"Nipo, mama."

"Nasikia una wimbo mzuri."

"Ni mzuri, mama. Lakini..."

"Uweke popote. Uweke kwenye harusi, uweke kwenye kilio. Nyimbo nazipenda, hata mimi naimba. Lakini hapa usiniimbie juu ya mkono wangu. Nimengoja miaka sitini na sita mtu ausikie."

Bwana Lunkad alisimama, akakunja leso yake vizuri na kuirudisha mfukoni. Akaenda mpaka kwenye kioo cha nyuma ya ukumbi, Dattu alikokuwa akiendesha mitambo, akamgongea kwa kidole.

"Hiyo njia ya muziki kwenye kipande hiki," akasema, "ifute. Usiizime tu, ifute kabisa, nisije nikabadili mawazo."

Dattu akaifuta mbele ya macho yetu. Nilisimama pale na unga kwenye sari, mikono mitupu, bibi wa watu amenishikilia mmoja na hataki kuuachia, na nasema wazi kwamba sijawahi kujiona mkubwa kiasi kile. Ketaki alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, akimkumbusha bibi yake treni.

"Treni itangoja," Bibi Anusaya akasema. "Irudisheni nyuma. Nataka kusikia tena."